Shangazi, nimeambiwa damu yangu inamla mtoto

SWALI

Shangazi shikamoo. Naomba unisaidie maana hapa nilipo usiku silali na mchana nafanya kazi kama mtu ambaye akili imehama. Nina miaka 29, nimeolewa, nina mtoto mmoja wa kike ana miaka 5 sasa. Mimba yake haikunisumbua kabisa na nilijifungua vizuri tu, ila pale wodini ndo nikaambiwa grupu langu ni O hasi na mume wangu ni chanya, mtoto akapimwa naye akawa chanya, kwa hiyo natakiwa nichomwe sindano ndani ya siku 3. Ilikuwa Ijumaa jioni. Wakasema dawa haipo, nirudi Jumatatu. Jumatatu nikarudi nimempakata mtoto, mshono bado mbichi, nikaambiwa haijafika, basi nikarudi nyumbani nikaacha, nilikuwa nimechoka halafu hakuna aliyenieleza ni sindano ya nini hasa, mi nikajua ni kama zile za pepopunda.

Mimba ya pili ilifika wiki 31 mtoto akaacha kucheza. Nilikaa siku nzima najiambia labda amelala. Alizaliwa ameshafariki shangazi, tumbo limevimba na uso umevimba, ngozi nyeupe inang'aa kama imejazwa maji, wakanionyesha kidogo wakamfunika, na kile kipande cha shavu nilichokiona ndo ninacho mpaka leo. Daktari akasema ni mambo ya damu, kwamba damu yangu ina kingamwili zinazomla mtoto. Kumla, alitumia neno hilohilo.

Sasa nina mimba nyingine ya wiki 14, wala hatukuipanga. Nimepimwa juzi karatasi imeandikwa Coombs chanya, anti-D 1:128, nikauliza hiyo 128 ni nini nikaambiwa ni nyingi, njoo baada ya mwezi tupime tena. Nimeanza kukusanya hela za ile sindano, safari hii nataka nichomwe hata 2 kabisa, inawezekana? Kuna wanaoniambia nitumie dawa za kusafisha damu, wengine wanasema nile sana vya kuongeza damu, sijui nimsikilize nani.

Mume wangu ananipenda ila amekuwa kimya sana, na kwao kuna maneno. Mama mkwe alisema mbele ya mawifi zangu kwamba damu yangu imeikataa damu ya ukoo wao na kwamba mwanamke mwingine angemzalia mwanae bila shida zote hizi. Imeniuma mno, maana mwaka juzi alipofanyiwa operesheni mimi ndo nilizunguka kumtafutia damu, na yeye ni A hasi, kuipata ilikuwa shughuli pevu. Yeye mwenyewe alizaa watatu, mume wangu ndo wa kwanza, wa mwisho alifariki ana siku 4.

Niambie ukweli shangazi. Huyu niliyenaye atapona? Na je yule nilimuua mwenyewe kwa kutoifuatilia ile sindano?

Mama wa mmoja


JIBU

Marahaba mwanangu, na pole, pole ya kutoka moyoni. Barua yako nimeisoma mara tatu na hilo shavu limenikaa na mimi. Kabla sijaanza kujibu barua nilikuwa mkunga kwa miaka mingi, nimewapokea kwa mikono hii watoto waliovimba hivyo, na nimewapokea pia wadogo zao waliotoka wakilia, mama yuleyule na damu ileile, kwa hiyo nikikwambia njia ipo ujue siyo maneno ya kukubembeleza.

Nianze na swali lako la mwisho maana naona hilo ndo linakunyima usingizi. Hukumuua mtoto wako. Wewe ulirudi Jumatatu na mshono mbichi, na mtoto wa siku 3 mkononi, ukaambiwa hakuna. Kukueleza ile ni sindano ya nini na kukutafutia ilipo ilikuwa kazi ya waliovaa sare, siyo ya mzazi ambaye hata kukaa bado anakaa upande. Nimekasirika kusoma hapo. Na hata zile saa 72 zikipita mtu bado anaweza kusaidika, sindano huwa inatolewa mpaka siku ya 10, hayo nayo hakuna aliyekuambia. Usibebe mzigo wa watu wengine wakati una mimba ya kubeba.

Halafu hilo neno kumla, naomba tuliweke chini sasa hivi maana limekufanya uuone mwili wako kama adui. Iko hivi. Siku unajifungua yule wa kwanza, kondo lilipobanduka matone ya damu yake yaliingia kwako, na damu yake ina alama inaitwa D ambayo yako haina, ndo maana yeye chanya we hasi. Mwili wako ukaiona hiyo alama ni ngeni ukaitengenezea kingamwili, vilevile unavyofanya kwa ugonjwa wowote. Kingamwili za mwanzo huwa ni kubwa, hazipiti kwenye kondo, na zinakuja taratibu wakati mtoto kashazaliwa, kwa hiyo binti yako hakuguswa. Ila mwili una kumbukumbu. Mimba iliyofuata ukakumbuka haraka, ukatoa zile ndogo ambazo kondo linazipitisha kwa mtoto kama linavyopitisha kinga nyingine zote za kumlinda, zikaganda kwenye chembe nyekundu za mtoto, chembe zikawa zinavunjwa kuliko zinavyotengenezwa, mtoto akaishiwa damu, moyo ukapiga kwa nguvu mpaka ukachoka, maji yakajaa mwilini. Huo ndo uvimbe uliouona. Mwili wako ulikuwa unafanya kazi ya ulinzi kwa aliyemdhani mgeni, hakuna chuki hapo wala laana, na hakuna kitu ulichokula au kubeba kilichosababisha.

Sasa sindano. Mwanangu hizo hela unazokusanya zitie kwenye nauli na vipimo, sindano ya anti-D kwako haina kazi tena, siyo moja, siyo mbili, hata kumi. Yenyewe inafanya kazi ya kuzifagia zile chembe za mtoto kabla mwili wa mama haujazikariri, na wako umeshakariri, hakuna dawa ya kuufanya usahau. Kwa asiyekariri ndo ina maana kubwa mno: imeanza kutumika rasmi mwaka 1968, na kabla yake kama wanawake 16 katika kila 100 walio hasi wakizaa mtoto chanya walikuwa wanaishia na kingamwili, ikichomwa ndani ya saa 72 baada ya kujifungua wanabaki 1 au 2, na ikiongezwa ile ya wiki 28 wakati mimba bado ipo basi hata mmoja hafiki. Kwa hiyo kama una mdogo wako wa kike au rafiki ambaye ni hasi na hajapata kingamwili, mshike mkono umwambie wiki 28 na saa 72, na akitokwa damu au kugongwa tumbo au mimba ikimtoka aulize siku hiyohiyo. Dawa yenyewe inatokana na plazma ya watu wanaojitolea, kulikuwa na mzee mmoja Australia, James Harrison, alitoa mara 1,173 kati ya 1954 na 2018, kafariki 2025, na huwa namkumbuka kila nikisikia mtu kaambiwa "haijafika".

Dawa za kusafisha damu achana nazo kabisa, hazipunguzi kingamwili hata moja na zingine zitakuumizia ini. Vidonge vya madini ya chuma na foliki meza kama ulivyopewa, vinasaidia damu yako wewe, ila usitegemee vitamfikia mtoto na kumponya kwenye hili. Nasema hivi kwa sababu nimeona kina mama wanajilazimisha kula mpaka wanatapika wakiamini wanamwongezea mtoto damu, na muda wa kipimo unapita.

Tuje kwenye hiyo 1:128, na hapa ndo nataka usome polepole. Coombs ni kipimo cha kutafuta kingamwili, na hiyo anti-D ya karatasini ni jina la kingamwili zako mwenyewe, siyo ile sindano. 1:128 maana yake damu yako ilizimuliwa, nusu, tena nusu, tena nusu, mpaka mara 128, na bado kingamwili zikaonekana. Sehemu nyingi wakifika 1:16 au 1:32 ndo wanasema basi, sasa tumwangalie mtoto mwenyewe. We umeshapita hapo. Na kwa mtu ambaye ameshapoteza mtoto kwa hili, ile namba haina tena uwezo wa kukwambia huyu wa sasa yuko je, inaweza kukaa palepale 128 huku mtoto anaishiwa damu. Kwa hiyo "njoo baada ya mwezi tupime tena" haikutoshi wewe. Sikwambii ugombane na mtu. Nakwambia andika kwenye karatasi hivi, kisha uende nayo: "Nina anti-D 1:128, nilipoteza mtoto wiki ya 31 akiwa amevimba, naomba rufaa kwa daktari wa mimba zenye hatari anayepima kwa Dopla kasi ya damu kwenye mshipa wa ubongo wa mtoto, nianze kupimwa kuanzia wiki ya 16 mpaka 18." Uko wiki 14. Yaani muda unao, na mimba iliyopita hukuwa nao kwa sababu hakuna aliyejua, hiyo ndo tofauti kubwa na ndo sababu mi nina matumaini.

Hicho kipimo hakiumi. Ni ultrasaundi ya kawaida, jeli ya baridi tumboni, ila daktari anatafuta kichwa cha mtoto na kamshipa kamoja kwenye ubongo, utaona rangi nyekundu na bluu zinapepesuka kwenye skrini, kisha mstari wenye vilele kama meno ya msumeno. Damu iliyopungua chembe ni nyepesi na damu nyepesi inakimbia, kwa hiyo wanapima ile kasi. Ikizidi mara 1.5 ya kasi ya katikati ya watoto wa wiki hiyo, mtoto ana upungufu wa kuhitaji msaada. Ikiwa chini, unarudi nyumbani na kurudi baada ya wiki moja au mbili. Zitakuwa safari nyingi, nakwambia mapema ili mume wako ajipange.

Na ikizidi je? Hapo ndo watu wengi hawajui kwamba mtoto anaongezewa damu akiwa humohumo tumboni. Siyo jambo la jana, daktari William Liley wa New Zealand alifanya mwaka 1963 kwa kuiweka damu kwenye tumbo la mtoto, siku hizi sindano nyembamba inapita kwenye tumbo lako ikiongozwa na ultrasaundi mpaka kwenye mshipa wa kitovu. Damu inakuwa O hasi iliyopimwa na damu yako, kwa sababu hiyo haina alama ya D kingamwili zako zinaiacha. Nilishawahi kumshika mama mkono wakati anafanyiwa, alikuwa ananibana vidole mpaka vikafa ganzi huku macho yake hayatoki kwenye skrini, na ukitazama vizuri unaiona damu ikiingia inameta ndani ya mshipa. Inaweza ikarudiwa kila baada ya wiki kadhaa mpaka kama wiki ya 34 au 35, na mtoto anazaliwa wiki ya 37 au 38. Kwa mabingwa waliozoea kazi hiyo zaidi ya watoto 90 katika 100 wanaishi. Hatari ipo, sindano inaweza kuleta uchungu mapema au mapigo ya moyo wa mtoto yakashuka, sitaki nikufiche, ila wanaofanya vibaya zaidi ni wale wanaofikishwa wakiwa wameshavimba, na ndo maana nakusukuma uanze wiki ya 16. Huduma hii haipo kila mahali kwa hiyo uliza sasa hivi inapatikana wapi, usisubiri siku ya kuihitaji. Na wewe mwenyewe ni O hasi mwenye kingamwili, damu ya kukuongezea ikihitajika siku ya kujifungua haiokotwi njiani, benki ya damu ijulishwe mapema. Hilo ulishalijua ulipomtafutia mama mkwe.

Na hapo kwa mama mkwe, mwanangu, umeandika mstari mmoja kwa kupita tu ambao mimi nilisimama. Umesema yeye ni A hasi. Mtu hasi hana alama ya D hata moja ya kumpa mtoto. Kwa hiyo mume wako uchanya wake kaupata kwa baba peke yake, kwa mama kachukua hasi, yaani ana moja chanya na moja hasi ndani yake. Na kila mimba anatoa moja kati ya hizo mbili. Huyo uliye naye tumboni ana nafasi nusu kwa nusu ya kuwa hasi kama wewe, na akiwa hasi kingamwili zako zinampita bila kumgusa hata zikiwa 1:1000. Siahidi kwamba ndivyo ilivyo, wale wawili wa mwanzo walichukua chanya, ila kila mimba kura inapigwa upya. Kuna kipimo cha damu yako tu, wanatafuta vipande vya vinasaba vya mtoto vinavyoelea humo, na kuanzia kama wiki ya 11 kinaweza kusema mtoto ni chanya au hasi. Kiulizie. Kama hakipatikani uliko, usikubali haraka kuchomwa sindano ya kutoa maji ya uzazi kwa ajili ya kujua hilo tu, maana ile inaweza kuchanganya damu na kupandisha kingamwili, bora Dopla iendelee, mtoto akiwa hasi Dopla itabaki tulivu mpaka mwisho.

Akizaliwa kazi haijaisha, lakini inakuwa kazi nyepesi. Manjano inaweza kutokea ndani ya saa 24 za kwanza na ndo ya kuogopa, bilirubini, yaani ile rangi ya manjano inayotoka kwenye chembe zilizovunjika, ikipanda sana inaharibu ubongo, kwa hiyo usikubali kuruhusiwa haraka, atapimwa kwenye damu ya kitovu, atalazwa chini ya mwanga wa bluu, na ikizidi anabadilishwa damu. Kama aliongezewa damu tumboni uboho wake, ule unaotengeneza damu ndani ya mifupa, unakuwa umelala kidogo, anaweza kuonekana mzima halafu akapungukiwa damu wiki za baadaye, apimwe mara kwa mara mpaka miezi 2 au 3 hata kama ananyonya na kunenepa. Na umnyonyeshe. Kuna watu watakuambia maziwa yako yana sumu, siyo kweli.

Kuhusu kukaa na hofu, sitakuambia usiogope, utaogopa. Nilikuwa na mama mmoja, hali yake kama yako, alinunua daftari dogo la shule akawa anaandika tarehe, wiki, na namba ya Dopla, basi, hakuna kingine. Aliniambia kati ya kipimo na kipimo anajiruhusu kuamini ile namba ya mwisho aliyoandika. Jaribu hivyo. Mtoto akianza kucheza zoea mwendo wake, na siku ukipungua nenda saa hiyohiyo, hata usiku, hata kama ulienda jana na ukaambiwa yuko salama, hiyo ya "labda amelala" tumeshaimaliza. Na yule aliyetangulia kama mlimpa jina litamkeni ndani ya nyumba, wewe na mume wako. Ukimya wake nadhani ni uoga wa kukuumiza, muulize siku moja taa zimezimwa, mwambie unamkumbuka mtoto, uone kama naye hatalia.

Mama mkwe nimemwacha mwisho. Alilolisema ni baya na lilikuumiza, sitalitetea. Lakini ni mwanamke hasi, alizaa mtoto wa kwanza chanya zamani ambako huenda ile sindano hata jina lake hakulisikia, na wa mwisho akamzika wa siku 4. Watoto wachanga wanakufa kwa mambo mengi, siwezi kusema kwa mbali kilichomwondoa. Muulize wewe. Mkiwa wawili tu, mawifi wasiwepo, mwambie nani kakufundisha kuhusu ile A hasi yake na inamaanisha nini, kisha muulize taratibu kama yule mtoto alikuwa wa manjano.

Akikuambia ndiyo, usiongeze neno la ukoo wala la damu siku hiyo. Kaa naye. Ukiona ametulia mwambie wiki ya 16 una kipimo, na kwamba ungependa mkae wote kwenye lile benchi.